Kalamu Mkononi mwa Mtumwa

Katika kikao chake cha mwaka 1830 hadi 1831, baraza la kutunga sheria la jimbo la North Carolina, huko Marekani, lilipitisha sheria ya kukataza watumwa wasifundishwe kusoma wala kuandika. Mzungu atakayevunja sheria hiyo atozwe faini ya dola 100 mpaka 200, au afungwe. Mtumwa atakayemfundisha mtumwa mwenziwe apigwe viboko 39 mgongo wazi. Waliotunga sheria hawakuficha sababu yao. Walisema kwamba kusoma na kuandika humtoa mtumwa katika ridhaa na kumwelekeza kwenye uasi. Ila waliacha kitu kimoja kiwe halali, nacho ni hesabu. Ndugu msomaji, litazame jambo hili vizuri. Hesabu humfaa bwana, maana mtumwa ajuaye kuhesabu ataweza kumhesabia magunia na mapipa yake. Lakini herufi zamfaa mtumwa mwenyewe, na hizo ndizo walizoziogopa.

Basi katika mwaka ule ule wa 1831, na katika jimbo lile lile, mtumwa mmoja mzee alishika kalamu akaandika habari za maisha yake. Aliandika kwa Kiarabu. Jina lake ni Omar bin Said, mwenyeji wa Futa Toro katika nchi ambayo leo ni Senegal, aliyezaliwa karibu na mwaka 1770. Sheria ile haikuweza kumfanya neno, kwani elimu yake hakuipata kwao. Alikuwa amekwisha kusoma miaka 25 kabla ya kutekwa, na katika maandishi yake awataja masheikh wake kwa majina: nduguye Sheikh Muhammad Said, Sheikh Suleiman Kimba na Sheikh Jibril Abdal. Mtu aliyeuzwa kama mnyama awataja waalimu wake kwanza, kama afanyavyo mwanachuoni yeyote anapotaka ajulikane ni nani.

Mwaka 1807 lilikuja jeshi kubwa, likaua watu wengi, naye akakamatwa akapelekwa baharini. Safari yake ilichukua mwezi mmoja na nusu hata bandari ya Charleston, na hayo yalikuwa muda mfupi tu kabla ya kupigwa marufuku kuingiza watumwa wa ng'ambo katika Marekani mwaka 1808. Bwana wake wa kwanza, asema, alikuwa mtu dhaifu, mwovu, asiyemcha Mungu. Akamtoroka. Akakamatwa katika mji wa Fayetteville alipoingia nyumba ya ibada kusali, akatiwa gerezani siku 16. Yasimuliwa kwamba humo gerezani alichukua makaa akaandika ukutani kwa Kiarabu, watu wakaja kumtazama kama kioja. Baadaye alinunuliwa na James Owen, akakaa katika nyumba ya jamaa hiyo mpaka kufa kwake.

Maandishi yake ya 1831 ni kurasa 15 tu, na mwanzo wake ni Surat Al-Mulk. Wengi wetu tumeihifadhi sura hiyo tangu chuoni, na wako waisomao kila usiku kabla ya kulala, lakini ni wangapi tuliopata kufikiri ingekuwaje kuiandika nyumbani kwa mtu anayedai kukumiliki? Ni sura inayozungumza juu ya ufalme na umiliki, na kwamba wote ni wa Mwenyezi Mungu. Wako wataalamu wa zama hizi waonao kwamba Omar hakuichagua bure, nasi twaafikiana nao. Baada yake ndipo aomba radhi kwa msomaji kwamba amesahau mengi katika lugha yake na katika Kiarabu, kisha aanza kusimulia. Katika simulizi hiyo awasifu Owen na nduguye, na hapo yafaa msomaji akumbuke kwamba mwandishi huyu alikuwa chini ya macho ya mabwana wake. Alibatizwa, na watu wa historia wabishana mpaka leo kama aliiacha dini yake au hakuiacha. Ya moyoni mwake twamwachia Mola wake.

Liko jambo jingine katika habari zake ambalo kwetu ni zito zaidi. Mwaka 1857, katika uzee wake, aliandika karatasi kwa Kiarabu, na wale waliokuwa nayo wakaitia maelezo ya Kiingereza kwamba ni Sala ya Bwana, ile sala ya Wakristo. Haikuwa hiyo. Ilikuwa Surat An-Nasr, ambayo mtoto wetu wa chuoni huijua kabla ya kung'oka meno. Khati ilikuwa wazi, wino haukufutika, lakini waliokuwa nayo hawakuwa na mtu wa kuisoma, basi wakaipa maana waliyoitaka wao. Omar alikufa mwaka 1864 angali mtumwa. Kitabu chake kidogo kilinunuliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2017, na tangu 2019 aweza kukitazama kila mtu.

Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland mwaka 1818, hakuwa na bahati ya masheikh. Bibi wa nyumba aliyotumwa mjini Baltimore alianza kumfundisha herufi, mume wake akamkataza mbele ya mtoto mwenyewe, akisema kwamba mtumwa akisoma hafai tena kuwa mtumwa. Katazo lile ndilo lililomfunza! Akawa akichukua mkate mfukoni, akiwapa watoto maskini wa kizungu wa njiani, nao wakimlipa kwa masomo. Alitoroka mwaka 1838, na mwaka 1845 akatoa kitabu cha maisha yake, na katika anwani yake akaeleza kwamba amekiandika mwenyewe. Yalihitajiwa maneno hayo, kwa sababu watu walikuwa wakitia shaka kwamba mtu asemaye vizuri namna ile alipata kuwa mtumwa. Ili aaminiwe, aliwataja mabwana zake kwa majina na mahali, na kwa kufanya hivyo akajihatarisha kurudishwa utumwani. Ikambidi aende Ireland na Uingereza, na rafiki zake wa huko wakatoa fedha za kumkomboa.

Na Harriet Jacobs, mjakazi wa North Carolina, alijificha karibu miaka saba katika tundu la darini lisilomruhusu kusimama. Humo alimwandikia bwana wake barua, akazipeleka kwa siri zikatiwe posta New York, bwana akamtafuta huko na hali yeye yu karibu naye. Kitabu chake kilitoka mwaka 1861.

Haifai tuyasome haya kuwa ni mambo ya Marekani peke yake. Pwani yetu ilikuwa na watumwa, na mabwana zao walikuwa Waislamu wenye kusali. Unguja utumwa uliondolewa katika sheria mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Maneno ya watumwa wenyewe yaliyotufikia ni machache. Rashid bin Hassani, Mbisa aliyetekwa utotoni akaletwa Unguja, alihadithia maisha yake, Mwingereza akayaandika, yakachapwa mwaka 1936. James Juma Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, alitoa kwa Kiswahili kitabu chake Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, juu ya watu wa Frere Town, hapa hapa Mombasa. Kitabu hicho chawalaumu Waarabu kwa ukali na chawasifu Waingereza kupita kiasi, na wako kati yetu wasiotaka hata kukishika. Sisi twaona kukataa huko si jawabu. Sifa zile na zipimwe. Lakini machungu ya waliofungwa minyororo hayawi uwongo kwa kuwa yatuuma kuyasikia.

Tena katika masanduku ya nyumba zetu mna karatasi za zamani: hati za kuacha huru, nyasia na barua, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wazee waziwekao hawajui kuzisoma zote, na vijana hawajui hata kuzianza. Aliye na karatasi ya namna hii na ailete darasani, tuisome pamoja naye na kuinakili, kisha arudi nayo kwake. Mwenye kuona jina la babu yake katika walioachwa huru asione haya kuileta. Na mwenye kuona jina la babu yake katika walioacha huru naye asiifiche.