Kumtafuta kauri akiwa hai

Mpelelezi Stanley alipofika Nyangwe, kando ya mto Lualaba huku kwetu Maniema, mwaka 1876, alikuta sokoni pesa ni kauri, ushanga, waya wa shaba na vitambaa vya mwale. Kauri hizo hazikutoka Lualaba. Zilibebwa kwa miguu kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 1,000. Hadi leo zimeshonwa kwenye kofia za chama cha Bwami cha Walega, na bado zimo katika masanduku ya wazee wetu. Lakini wengi wetu tunalijua ganda tu, mnyama mwenyewe hatujamwona. Ukipata safari ya kwenda kuwatembelea Wamanyema wa Zanzibar au Dar es Salaam, mtafute.

Kwanza, usilipie mtungi wa hewa kwa ajili yake. Kauri wa pesa, yule wa manjano na mwenzake mwenye pete ya rangi ya chungwa mgongoni, huishi maji mafupi. Miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia na viatu vya soli nene vinatosha. Nenda siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwa kuwa ndipo maji hupwa sana. Zanzibar hupwa hivyo kama saa nne asubuhi na tena saa nne usiku. Usiku ni bora, maana mchana kauri hujificha, na giza likiingia hutoka kula mwani. Usiende peke yako: fuatana na mvuvi wa hapohapo, na urudi kabla maji hayajaanza kujaa kwa nguvu.

Tazama chini ya vipande vya matumbawe yaliyokufa. Inua jiwe polepole, angalia, kisha lirudishe lilivyokuwa. Ukiliacha limepinduka, vyote vilivyoishi chini yake vitakauka kwa jua au kuliwa na samaki. Usitazamie ganda linalong'aa. Kauri aliyetulia hulifunika ganda lake kwa mikunjo miwili ya nyama inayopanda kutoka pande zote mbili hadi ikutane juu. Nyama hiyo ndiyo inayolijenga na kulilainisha, ndiyo maana kauri hung'aa bila kupigwa msasa na mtu. Ukimgusa kidogo, huirudisha ndani, na ganda unalolijua linatokea mbele ya macho yako. Ukimkuta jike amelalia mayai, mwache kabisa.

Konokono mwenye ganda la umbo la pia, hata awe mzuri vipi, usimshike: ana mwiba wa sumu, na baadhi yao wameua watu. Miiba ya samaki jiwe nayo hupenya kiatu chepesi, kwa hiyo angalia unapokanyaga.

Mtungi wa hewa ulipie kwa ajili ya wengine: kasa, mkunga akichungulia pangoni, pweza akibadili rangi, pono wakiguguna matumbawe hadi uwasikie. Ghuba ya Chole, ndani ya hifadhi ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, ni mahali pazuri pa kuanzia. Kuogelea Lualaba hakutoshi kuwa maandalizi. Jifunze kwa mwalimu. Kila mita 10 ushukazo, mgandamizo huongezeka kwa kiasi sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, basi bana pua na upulize taratibu tangu mita ya kwanza, kabla masikio hayajauma. Usizuie pumzi kamwe. Kidole gumba juu chini ya maji maana yake ni "tupande", si "safi". Panda polepole, na usimame dakika 3 kwenye mita 5.

Jingine linalowahusu hasa wanaotoka mbali kama sisi: baada ya kuzamia kwa mtungi, usipande ndege siku hiyohiyo. Acha zipite angalau saa 18, na kama ulizamia siku kadhaa mfululizo, ngoja siku nzima.