MWULIZE MGONJWA ANATAKA NINI



Leo tujifunze kumtunza mzee mgonjwa nyumbani. Mahitaji yake tunayajua: chakula, dawa, kuoga na kulala mahali safi. Lakini je, matakwa yake tunayauliza?

Tuchukue mfano. Mzee mmoja amepooza upande wa kulia. Tena ana presha. Watoto wake wanampenda. Wanamwogesha, wanamlisha, wanamlaza ndani kutwa ili apumzike. Chumvi wamemnyima kabisa. Siku moja mzee akakataa kula. Akasema, "Jamani wanangu, mmeniweka kama gunia la mahindi! Nataka kukaa chini ya mwembe na wenzangu. Na mboga nataka yenye ladha."

Watoto wafanye nini?

Tukumbuke habari za Bartimayo, Injili ya Marko, sura ya 10. Alikuwa kipofu, akiomba sadaka kando ya njia karibu na Yeriko. Alipopaza sauti, watu walimkemea anyamaze. Lakini Yesu alisimama, akaagiza aitwe, akamwuliza anataka afanyiwe nini. Upofu wake kila mtu aliuona. Hata hivyo Yesu alimwuliza kwanza.

Haya, turudi kwa mzee wetu. Kukaa nje ni matakwa yake, lakini ni hitaji pia. Mtu anayelala upande mmoja tu hupata vidonda vya mgongo na makalio. Basi wamtoe nje, wamwegemeze vizuri kitini. Akiwa kitandani, wamgeuze kila baada ya saa mbili.

Na chumvi je? Hata mtu mwenye afya, chumvi yake ya siku nzima isifike kijiko kimoja cha chai. Hapo watoto wasimkemee mzee. Wamweleze hatari yake, kisha wamwulize: "Baba, tukitia ndimu, nyanya na tangawizi, utapenda?" Akichagua mwenyewe, atakula. Vidonge vya presha navyo asiache kwa sababu tu amepata nafuu. Aulizwe daktari kwanza.

Ndugu zangu, kumpa mgonjwa kila atakacho si upendo. Kumziba mdomo nako si upendo. Tumsikilize, tumweleze, tupatane.

MASWALI
1. Kwa nini mzee alikataa kula?
2. Yesu alimwuliza nini Bartimayo?
3. Nyumbani kwako, nani hajaulizwa anataka nini?