Duka Ndani ya Darasa: Mfano wa Chuo cha Biashara cha Paris

Mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha kwa mara ya kwanza aghalabu huandaa ubao wake vizuri kuliko anavyowaandaa watoto. Mimi nilikuwa hivyo. Katika darasa la tano la shule moja ya kijijini niliandika kanuni ya faida na hasara, wanafunzi wakaikariri kwa pamoja hata wapita njia wakasimama kusikiliza. Adhuhuri yake nikamtuma mmoja wao, aliyejibu vizuri kuliko wenzake, aninunulie sabuni na kiberiti. Alirudi na chenji pungufu. Nilipomwuliza alinitazama kwa mshangao, kwani haikumpitikia hata kidogo kwamba hesabu ya ubaoni na hesabu ya dukani ni kitu kimoja.

Tatizo hili si jipya. Huko Ufaransa lilimshughulisha mfanyabiashara aitwaye Vital Roux, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa watu waliotayarisha sheria za biashara za nchi hiyo za mwaka 1807. Katika siku zake kijana aliyetaka kuwa mfanyabiashara alikuwa na njia moja tu: kukaa kwa tajiri, kunakili barua, kupanga bohari, na kungoja mpaka tajiri aone vema kumfunulia vitabu vya hesabu. Shule nazo ziliona biashara kuwa jambo lisilostahili kufundishwa. Mwaka 1800 Roux alichapisha kitabu kuhusu serikali na ustawi wa biashara, na ndani yake akatoa shauri kwamba iwepo shule ya biashara, lakini isiwe shule ya kusikiliza. Wanafunzi wenyewe waigize kazi za wafanyabiashara: wanunue, wauze, waandikiane barua, wabadilishane fedha, wafilisike ikibidi, na kila mmoja aweke daftari lake.

Shauri hilo lilikaa karibu miaka 20 bila kutimizwa. Mwaka 1819 wafanyabiashara wawili, Germain Legret na Amédée Brodart, walifungua chuo mjini Paris. Katika baraza la kukishauri chuo aliingia Roux mwenyewe, pamoja na mwanauchumi Jean-Baptiste Say, mtu aliyewahi kuendesha kiwanda cha kusokota pamba, kwa hiyo hakuujua uchumi kwa kuusoma tu. Chuo hicho ndicho kijulikanacho leo kwa herufi ESCP. Kuanzia mwaka 1830 hadi alipofariki mwaka 1854 kiliongozwa na Adolphe Blanqui, mwanafunzi wa Say. (Nduguye Blanqui, Auguste, alikuwa mwanamapinduzi aliyekaa gerezani zaidi ya miaka 30, nyumba moja inaweza kulea watu wa namna nyingi.)

Yafaa tutazame kwa makini jinsi uigizaji wa namna hii unavyofundisha. Tuseme mwanafunzi mmoja ni nyumba ya biashara ya Bordeaux, na mwenzake ni nyumba ya biashara ya Hamburg. Wa Bordeaux anauza mapipa ya mvinyo. Hana budi kuandika barua ya kueleza bei, na barua hiyo yapasa ieleweke kwa Mjerumani. Akikubaliwa, atatayarisha ankara, atahesabu nauli ya meli na ushuru wa forodha, kisha ataandika hawala ya kulipwa baada ya siku 90. Lakini yeye anahitaji fedha leo. Basi huipeleka hawala kwa mwanafunzi wa tatu, aliye benki, ambaye huinunua kwa bei pungufu kidogo. Hapa hesabu ya asilimia haitoki tena kitabuni: inatoka katika haja ya mtu aliye mbele yako, naye anakubishia. Jiografia, lugha, hesabu na mwandiko vimekutana juu ya meza moja, wala hapana aliyepiga kengele kutangaza kwamba kipindi kimebadilika.

Hata hivyo njia hii ina upungufu, na mwanachuo asidanganyike. Mfanyabiashara wa mchezo akipoteza shehena yote baharini, jioni hula chakula chake kama kawaida. Woga wa hasara, ambao ndio mwalimu mkali wa soko, hauwezi kuigizwa. Aidha, mwanafunzi mjanja hugundua upesi kwamba anaweza kushinda kwa kumpendeza mwalimu badala ya kufanya hesabu sawasawa. Dawa ninayoijua ni moja: madaftari yalinganishwe. Alichoandika muuzaji lazima kiwiane na alichoandika mnunuzi, na visipowiana watafute kosa wao wenyewe, mwalimu akiwa amenyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu. Nimeona waalimu wazoefu wakishindwa kuvumilia hata dakika mbili.

Sehemu ya pili ya habari hii inahusu lugha. Mwaka 1869 chuo kilikuwa kimechukuliwa na Chemba ya Biashara ya Paris. Miaka mia moja na zaidi baadaye, mwaka 1973, Chemba hiyo ilianzisha chuo kingine, EAP, kwa mpango ambao wakati ule ulikuwa wa ajabu: mwanafunzi asome mwaka mmoja Ufaransa, mwaka mmoja Uingereza, na mwaka mmoja Ujerumani, na kila mahali afundishwe kwa lugha ya mahali hapo. Tawi la Ujerumani lilianzia Düsseldorf, likahamia Berlin mwaka 1985. Madrid likafuata mwaka 1988. Vyuo viwili hivyo viliunganishwa mwaka 1999. Tawi la Turin nchini Italia lilifunguliwa mwaka 2004, na leo matawi yapo pia Warsaw, mbali na Paris, London, Berlin na Madrid.

Ada ya chuo kama hicho ni kubwa, wala sitarajii kwamba wanafunzi wetu wa darasa la tano watapelekwa Berlin. Lakini wazo lililo chini ya mpango huo ni lile lile la Roux: kitu hujifunzwa vema pale kinapohitajiwa. Kijana aliyefika Düsseldorf hakuambiwa ajifunze Kijerumani ili afaulu mtihani wa Kijerumani. Aliambiwa ajifunze uwekaji hesabu, na Kijerumani kilikuwa mlango wa chumba. Mwalimu anayefundisha Kiingereza katika shule zetu kwa kukaririsha orodha za maneno na afikirie tofauti hiyo.

Kwa mwanachuo anayetaka kujaribu, zana ni chache: makopo matupu, vifuniko vya chupa viwe fedha, na madaftari. Ligawe darasa katika nyumba za biashara za watu wanne wanne, kila moja na mji wake kwenye ramani. Mmoja aandike barua, mmoja ashike fedha, mmoja aweke daftari, mmoja apeleke mzigo. Na kila juma wabadilishane kazi, la sivyo yule mwenye akili nyepesi atakuwa mshika fedha mwaka mzima na mwenye aibu atabeba makopo. Usianze na faida na hasara. Anza na chenji. Katika maandalio ya somo acha vipindi viwili mfululizo, maana kipindi cha kwanza kitaisha kwa kelele tupu, na mwalimu mkuu atapita dirishani. Mweleze kabla.

Juma la tatu, bila kuwaambia, ondoa barua moja njiani. Mnunuzi atadai mzigo, muuzaji atakana kuagizwa. Waache waamue ni nani alipe, kisha waandike sababu zao katika daftari la Kiswahili.