Unene wa Nyama na Muda wa Kuiva

Huko Japani kuna mlo uitwao shabu-shabu, jina lililoanza kutumiwa na mkahawa mmoja wa Osaka mwaka 1952. Sufuria ya maji yachemkayo huwekwa mezani; kila mlaji huzamisha kwa vijiti kipande cha nyama ya ng'ombe, chembamba kama karatasi, na kabla hajahesabu ishirini nyama imegeuka rangi. Mboga na uyoga huchemshwa humo humo.

Mwanafunzi wa Mtwara, aliyezoea kuona nyama ikitokota kwa muda mrefu, atauliza: je, moto wa Wajapani ni mkali zaidi? La. Pwani ya Mtwara, sawa na Osaka, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Sentigredi, na kuongeza kuni hakuzidishi kiasi hicho. Tofauti imo katika unene. Muda wa joto kufika kiini hufuata kipeo cha pili cha unene: kipande cha milimita 2 kikihitaji sekunde 10, cha milimita 20 kitahitaji mara 100, yaani kama dakika 17.

Pweza wa Msimbati ni kesi nyingine. Joto likishafika kiini, yeye bado mgumu. Kolajeni ya mnofu wake sharti ichemke kwa muda hadi igeuke gelatini.

Tusisahau tegu. Vifuko vya mnyoo huyu hujificha katika nyama ya ng'ombe, na kipande kitolewacho kingali chekundu huweza kumfikisha tumboni akiwa hai.