Insha ya Hoja: Nishati ya Nyumbani na Usafiri Vijijini (Mfano wa Karagwe na Kyerwa)

Mtahiniwa, sehemu za insha unazijua: kichwa, utangulizi, kiini na hitimisho. Kinachowaangusha wengi si muundo huo. Ni kiini chenyewe, yaani hoja zisizo na nyama. Msahihishaji hukutana na sentensi ileile, "Serikali itoe elimu kwa wananchi," katika insha ya UKIMWI, ya ajali, ya ukataji miti na ya rushwa. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini haina mwenyewe. Ingeweza kuandikwa na mtu yeyote kuhusu jambo lolote, na kwa sababu hiyo haiwezi kukuongezea alama nyingi.

Katika somo hili tutashughulikia swali moja tu, hatua kwa hatua.

Swali: "Nishati na usafiri bado ni changamoto kwa wakazi wa vijijini." Ukitumia mifano kutoka eneo unalolifahamu, jadili kauli hii kwa insha yenye maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300.

KULIELEWA SWALI

Pigia mstari maneno matatu. La kwanza ni "jadili". Hukuagizwa kuorodhesha, unatakiwa kupima, kuonyesha pande zaidi ya moja na kutoa msimamo. La pili ni "eneo unalolifahamu". Hapa mtahini amekupa zawadi, nawe usiirudishe kwa kuandika "katika vijiji vingi vya Tanzania". La tatu ni dogo na husahaulika: "bado". Neno hilo linakubali kwamba kuna mabadiliko yaliyokwisha kutokea, hivyo insha isiyotaja hatua yoyote iliyopigwa itakuwa imejibu nusu ya swali.

Sisi tumechagua wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe. Kama wewe ni wa Mbulu, Newala au Nkasi, badili majina na mazao, lakini fuata njia hii.

KUKUSANYA MALIGHAFI: MOTO

Kabla ya kuandika, jiulize: moto wa nyumbani hufanya kazi gani? Wengi hujibu "kupikia" na kuishia hapo. Lakini Karagwe ni nyanda za juu, na usiku wa Juni na Julai una baridi ya kweli. Katika nchi za Ulaya nyumba hujengewa mitambo ya kupasha joto vyumba. Huku kwetu joto la nyumba hutoka jikoni. Katika nyumba ya asili ya msonge, ambayo Wahaya huiita mushonge, moto ulikuwa ndani: uliivisha chakula, ulitoa mwanga, uliondoa baridi na moshi wake ulifukuza wadudu kwenye nyasi za paa.

Hapo tayari una hoja ambayo wenzako hawataiandika. Anayewaambia watu waache kuni anawaondolea huduma kadhaa kwa mara moja. Jiko la gesi hupika vizuri, lakini familia haiwezi kukaa kulizunguka ikaota moto. Hii ni mojawapo ya sababu zinazofanya nyumba yenye mtungi wa gesi iendelee pia kutumia mafiga. Sababu nyingine ni chakula chenyewe: maharage huchukua muda mrefu kuiva, na mama anayehesabu fedha hawezi kuiacha gesi iwake saa zote hizo.

Kuni hutoka wapi? Nyingine hutoka kwenye kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba: matawi ya mibuni iliyopogolewa, miti ya mipakani, mikaratusi. Zisipotosha, watu huenda mbali zaidi. Historia nayo inakusaidia kwenye neno "bado". Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari nchini Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Kagera, na makambi yakafunguliwa Ngara na Karagwe. Watu wale walihitaji kupika kila siku, na miti iliyokuwa karibu na makambi ilikatwa kwa wingi. Ukiitaja historia hii, itaje kwa haki: mkimbizi hakuja kuharibu misitu, alikuja kuokoa maisha yake. Msahihishaji huona tofauti kati ya hoja na lawama.

Suala la afya lina pande mbili, na watahiniwa wengi huandika upande mmoja tu. Upande wa kwanza ni moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilihusika na vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020. Upande wa pili ni mkaa usiotoa moshi, na huo ndio wa hatari zaidi usiku wa baridi. Mtu huona makaa yamekwisha shika, hayana moshi, akaliingiza jiko chumbani na kufunga dirisha ili joto lisitoke. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hushikana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa oksijeni mtu akiwa usingizini. Maumivu ya kichwa na kizunguzungu ndizo dalili za mwanzo, lakini aliyelala hazioni. Umesoma himoglobini katika Baiolojia na mwako usiokamilika katika Kemia. Hakuna sheria inayokukataza kuvitumia katika Kiswahili. Angalizo: usiiite "hewa ukaa". Hewa ukaa ni kaboni dayoksaidi, gesi nyingine kabisa. Na ujuzi huu usiishie kwenye karatasi ya mtihani. Bwenini au nyumbani, jiko la mkaa halilali chumbani na watu.

Sasa hatua zilizopigwa. Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera ulipata umeme kutoka Uganda, kupitia njia inayotoka Masaka hadi Kyaka. Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, umepeleka nguzo vijijini. Huko Murongo, wilayani Kyerwa, kuna mtambo wa Kikagati–Murongo wa megawati 14 katika Mto Kagera, ambao umeme wake unahusu Tanzania na Uganda kwa pamoja. Lakini kuwa na nguzo mlangoni si sawa na kupikia umeme. Nyumba nyingi huutumia kwa taa, simu na redio, kisha hurudi kwenye kuni wakati wa kupika. Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 nazo zimeagizwa kuacha kuni na mkaa. Kama shule yako ni ya bweni, agizo hilo linaihusu. Tazama jiko la shule na utapata mfano wa bure.

MALIGHAFI: SAFARI

Kwenye usafiri tutakwenda haraka kidogo, maana mambo yake unayaona kila siku. Anayetoka Bukoba kwenda Karagwe hupita Kyaka, kisha hufuata lami hadi Bugene na Omurushaka. Kabla ya lami hiyo, safari ya masika ilikuwa ya kubahatisha. Upande wa Kyerwa, barabara ya kwenda Murongo mpakani ilikuwa ya changarawe kwa miaka mingi, yenye vumbi kiangazi na utelezi wakati wa mvua. Ukitoka kwenye barabara kubwa, uwanja ni wa bodaboda.

Jua pia nani anashughulikia nini, kwa sababu "serikali ijenge barabara" ni hoja dhaifu. Barabara kuu na za mikoa zipo chini ya TANROADS. Barabara za vijijini na mijini katika wilaya zipo chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Nauli na leseni za vyombo vya abiria husimamiwa na LATRA. Mtahiniwa anayeandika "TARURA iweke kalavati katika barabara ya kijiji" amemtaja mhusika na kazi yake kwa sentensi moja.

KUTOKA MALIGHAFI HADI AYA

Soma aya hii dhaifu: "Changamoto nyingine ni usafiri. Usafiri ni mgumu sana vijijini. Watu wanateseka. Serikali itoe elimu na ijenge barabara."

Haina mahali, haina mtu, haina sababu. Sasa soma kichwa, utangulizi na aya mbili za kiini zilizoandikwa kwa malighafi tuliyokusanya.

NISHATI NA USAFIRI VIJIJINI: HALI YA KARAGWE NA KYERWA

Wilaya za Karagwe na Kyerwa zipo kaskazini magharibi mwa Tanzania. Wakazi wake wengi ni wakulima wa migomba, maharage na kahawa. Ingawa nguzo za umeme na barabara za lami zimeongezeka, namna ya kupata moto wa kupikia na namna ya kufika hospitalini au sokoni bado huamua mengi katika maisha yao.

Kwanza, familia nyingi hutegemea kuni kwa sababu moto mmoja hufanya kazi nyingi: huivisha maharage, huchemsha maji na huondoa baridi ya usiku. Mzigo wa kuutafuta moto huo huwaangukia zaidi akina mama na wasichana, ambao hukusanya kuni katika saa ambazo wenzao wa kiume hujisomea. Jiko banifu hupunguza kuni zinazohitajika, na biogesi itokanayo na samadi inaweza kuifaa kaya yenye ng'ombe. Kaya isiyo na ng'ombe haiwezi kuambiwa ifanye hivyo hivyo.

Pili, bodaboda hufika pasipofika basi, lakini si jibu kwa kila safari. Mjamzito anayepelekwa Hospitali ya Nyakahanga usiku wa mvua hawezi kubebwa salama nyuma ya pikipiki katika njia yenye utelezi. Kalavati moja lililobomoka huweza kuligeuza gari la wagonjwa na kulirudisha lilikotoka. Kwa hiyo kukarabati barabara za ndani za vijiji kunaokoa maisha kuliko kuongeza idadi ya pikipiki.

Angalia sentensi ya mwisho ya kila aya. Aya ya kwanza inakiri mpaka wa suluhisho lake. Ya pili inatoa msimamo ambao msahihishaji anaweza kuubishia. Usiogope kubishiwa; hoja isiyoweza kupingwa na mtu yeyote kwa kawaida haijasema kitu.

LUGHA YA KUANGALIA

Insha ya hoja huandikwa kwa lugha sanifu. Katika Kanda ya Ziwa gari dogo la abiria huitwa mchomoko, na kupakia abiria wawili au zaidi kwenye pikipiki moja huitwa mishikaki. Maneno haya ni mazuri stendi, lakini katika insha andika "gari dogo la abiria" na "kupakia abiria kupita kiasi". Ukilazimika kulitumia neno la mitaani, liweke kwenye alama za kunukuu na ulieleze mara moja. "Bodaboda" limekwisha kubalika. Neno hilo lilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli walivusha abiria kutoka mpaka mmoja hadi mwingine; ukiulizwa mfano wa neno lililotoholewa na kurudiwa, unao.

Kwa wasemaji wa Kinyambo na Kihaya, chungeni /r/ na /l/. "Mahali pa baridi" ni eneo lenye baridi. "Mahari" hulipwa kwa wazazi wa binti. Nimeona insha nzuri ya barabara ikisema kwamba kijiji fulani ni "mahari pasipofikika", na hapo hata msahihishaji mwenye usingizi huamka.

ZOEZI

1. Hesabu maneno ya utangulizi na aya mbili zilizotolewa juu. Umebakiwa na maneno mangapi kabla ya kufika 300? Kwa nafasi hiyo, andika aya moja zaidi ya kiini na hitimisho.

2. "Umeme ukifika kijijini, tatizo la kuni limekwisha." Toa hoja mbili za kupinga kauli hii, kila moja ikiwa na mfano kutoka nyumbani kwenu.

3. Andika upya aya dhaifu iliyotolewa katika somo hili kwa kutumia barabara moja unayoipita. Taja jina la barabara, nani anaumia inapoharibika, na mamlaka inayohusika nayo.

4. Sahihisha sentensi zifuatazo: (a) Wananchi walikura chakula kabla ya kwenda kupiga kula. (b) Dereva alipiga mishikaki abiria watatu. (c) Jiko la mkaa hutoa hewa ukaa inayoua watu usingizini.

5. Mdogo wako analalamika baridi na anataka kuliingiza jiko la mkaa chumbani. Mwandikie mazungumzo mafupi kati yako na yeye, yasiyozidi mistari 12, ukimweleza sababu ya kumkataza kwa lugha ambayo mtoto wa darasa la nne ataielewa.