HAKI YA MZEE, NA MLANGO WA MAKAO

Ndugu mmoja wa Garsen ametuletea suala, nasi twaona jawabu lake litawafaa wengi. Asema mama yake mkongwe hukaa katika makao ya wazee, mji wa mbali. Alipanda basi Minjila alfajiri kwenda kumtazama, naye ana homa na kikohozi. Alipofika alizuiwa mlangoni, akaambiwa arudi atakapopona. Auliza kwa uchungu: Je, yafaa mtoto kukatazwa kumzuru mama yake, na hali kumtazama mgonjwa ni katika haki za Muislamu juu ya Muislamu mwenzake?

Jawabu: Kwanza na tujue haki hii ni ya nani. Ni haki ya mwenye kuzuriwa, si ya mwenye kuzuru. Mtoto haendi kujitua deni lake tu, bali huenda kumfaa mama. Na mwenye kumpelekea mama kikohozi hakumfaa, amemdhuru. Kwani kifua cha mzee ni dhaifu, na maradhi ambayo kijana huyashinda kwa siku chache huweza kumwua mzee.

Mtume s.a.w. aliyetuamrisha kuwatazama wagonjwa ndiye aliyekataza mgonjwa kupelekwa penye wazima. Ulipofika Madina ujumbe wa Thaqifu, alikuwamo mtu mwenye ukoma. Mtume alimpelekea khabari kuwa bai'a yake imekubaliwa, basi na arejee. Tazama: mkono haukushikwa, wala haki haikupotea.

Lakini wasimamizi wa makao nao wasifurahi upesi. Yaliyopita mwaka 2020 yana mafunzo. Mwezi wa Machi serikali ya Kenya iliamrisha watu wapunguze kuzuru wagonjwa mahospitalini kwa ajili ya Korona. Kisha, tangu Aprili mpaka mwanzo wa Juni, ilizuiwa kuingia na kutoka Kilifi, hata mtu wa Garsen mwenye mzee wake Malindi akawa hana njia. Misikiti ilipofunguliwa mwezi wa Julai, waliopita miaka 58 waliambiwa wasalie nyumbani. Na huko Uingereza makao mengi yalifunga milango. Wazee walikufa kwa maelfu, na wengi wao hawakuwa na mtoto kitandani.

Hatuwalaumu waliojikinga, kwani khatari ilikuwa ya kweli. Lakini upweke nao ni maradhi: mzee huacha kula, hunyamaza, akadhani ametupwa. Wanavyuoni wetu wamethubutisha kuwa lililohalalishwa kwa dharura hupimwa kwa kadiri ya dharura hiyo. Ikiondoka, nalo huondoka. Basi kukinga ni jambo moja, na kufungia ni jambo jingine.

Mwenye kuzuru na ashike haya:

1. Akiwa na homa, kikohozi au tumbo la kuendesha, asiende. Na kikohozi kikipita wiki mbili, apimwe kifua kikuu. Dawa zake katika hospitali za serikali hutolewa bure.
2. Aoshe mikono kwa sabuni aingiapo na atokapo.
3. Waende wawili au watatu, wasijazane chumbani, na madirisha yafunguliwe.
4. Maji na chakula anachopeleka kiwe safi, khasa mto unapofurika kama ulivyofurika mwishoni mwa 2023, kwani kipindupindu hupita humo.

Na msimamizi naye: asimkatae mgeni bila ya kumweleza sababu na siku ya kurudi, amwekee kiti uani au dirishani kila inapowezekana, ampe mzee simu asikie sauti ya mwanawe, na aliye katika kukata roho asiachwe peke yake, bali jamaa yake aingizwe, amefunikwa pua na mdomo.

Ama wewe ndugu yetu, aliyekuzuia hakukudhulumu. Mpigie mama simu leo, na kesho, mpaka upone. Kisha panda basi. Na wako wengi wazima wa afya, wala hawakuzuiliwa na mtu, na wazee wao huutazama mlango mwaka mzima. Hao ndio wenye kuulizwa.

Wabillahi tawfiq.