Mgeni Kwenye Foleni ya Githeri

Ukifika kufundisha au kujitolea katika shule za msingi za Ruiru na Thika, Kenya, uwe umetoka Kigoma, Bukavu au Osaka, utakaribishwa kula majilisini, yaani kwenye chumba cha walimu, pamoja na walimu. Kubali, kisha muombe mwalimu mkuu ruhusa ya kula na watoto siku nyingine. Usiingie kwenye foleni hivi hivi. Chakula cha shule hupikwa kwa hesabu, na sahani usiyoiombea huenda ikawa ya mtoto aliye mkiani.

Hesabu hiyo ni kali zaidi pale chakula kinapoletwa na Food4Education, shirika ambalo Wawira Njiru alilianzisha papa hapa Ruiru mwaka 2012 kwa kulisha watoto 25. Chakula hupikwa katika jiko kuu, kikasambazwa shuleni kwa magari. Mzazi hulipa sehemu ya gharama kwa M-Pesa. Mtoto hugusisha bangili yake kwenye kifaa, malipo yakasomwa, akapakuliwa. Wewe huna bangili. Jitambulishe mapema, ulizia namna ya kulipa, na ukiambiwa leo haiwezekani, pokea jibu hilo kwa moyo mkunjufu.

Kwenye shule inayojipikia, tarajia githeri: mahindi na maharagwe yaliyochemshwa kwa saa nyingi kwenye sufuria kubwa juu ya kuni. Maharagwe hulainika mapema. Mahindi ndiyo yenye ukaidi, ganda lake hubaki gumu hata kiini kikiwa kimeiva. Tafuna polepole, maana ukibugia, tumbo litajaa gesi mpaka usiku. Omba nusu upawa kwanza. Kuongezewa ni rahisi, lakini kumwaga chakula mbele ya mtoto anayekwangua bakuli ni aibu kubwa. Parachichi, ambalo wengi hapa hupenda kulikatia juu ya githeri, liache kwa siku ya majilisi, isipokuwa uwe nalo la kuwatosha wote unaoketi nao.

Suala la kuketi nalichukulia kwa uzito. Watoto watakukimbilia na kiti. Washukuru, kisha ujibane nao kwenye benchi.  Kwa mfano, huko Japani chakula cha shule kina sheria yake tangu 1954, na kwa kawaida mwalimu wa shule ya msingi hula darasani na wanafunzi, chakula kilekile, watoto wakipakua wenyewe. Mwalimu anayekula hivyo huona mapema nani hajagusa chakula na nani anaficha nusu ampelekee mdogo wake.

Simu ibaki mfukoni. Mtoto mwenye njaa si wa kupigwa picha. Osha bakuli lako bombani kabla ya kengele, kisha pitia jikoni umshukuru mpishi. Yeye ndiye atakayekuambia siku ya wali na ndengu.